Mkufunzi na Lugha ya Nyumbani Kwake

Mtu yeyote aliyesomea ualimu Kasulu miaka ile atakwambia jambo hili kwanza kuhusu Mkufunzi: alikuwa akifumba macho mwanafunzi anapotamka. Ulisimama, ukaisoma sentensi yako ya Kiingereza, naye amefumba macho, kichwa kimelala kidogo upande mmoja, kama fundi redio anayetafuta stesheni. Ukikosea hakuyafumbua. Aliinua kidole tu, maana yake rudia. Ulirudia. Kidole kikainuka tena. Siku ulipoipatia, alifumbua macho akakutazama kana kwamba ndiyo kwanza umeingia darasani. Hakuwa na sifa nyingine ya kutoa zaidi ya hiyo, nasi tulirudia sentensi moja mpaka koo likauka, ili tu atufumbulie macho.

Mimi sikuwa mtu wa kule. Nilitoka Urambo mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikapanda treni mpaka Kigoma, na kutoka Kigoma nikapanda lori la saruji lililopanda milima kwa kunung'unika hadi Kasulu. Nilishuka nikitetemeka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Kigoma kuna mahali penye baridi. Wenzangu karibu wote walikuwa Waha, na wakitoka darasani walizungumza Kiha. Mimi sikujua hata neno la kuombea maji. Nadhani ndiyo sababu Mkufunzi alinizoea mapema.

"Binti," aliniambia siku moja, "hawa wenzako wanasoma namna ya kufundisha lugha ya kigeni. Wewe peke yako ndiye unayeishi ndani yake. Angalia unavyojifunza Kiha, halafu uje uniambie."

Sikwenda kumwambia, maana sikujifunza. Wenzangu walikuwa wakigeukia Kiswahili kila nilipokaribia, kwa adabu, na adabu hiyo ikanizuia kujua lugha yao mpaka nikaondoka.

Somo lake lilikuwa mbinu za kufundisha Kiingereza, na kabla ya mbinu zilikuja nadharia. Wakufunzi wengine walituamuru tunakili kurasa. Yeye alichora nyumba tatu ubaoni. Ya kwanza ilikuwa ya bati, imenyooka, ina kufuli mlangoni: humo walikaa wale wanaosema kujifunza ni mazoea, kwamba mtu husikia, huiga, hurudia, hupewa zawadi, na mwisho ulimi hufanya wenyewe bila kumuuliza mwenye ulimi. Ya pili ilikuwa na madirisha mengi: humo walikaa wanaosema mtoto haigi tu bali anawaza, anakisia kanuni, anajaribu, anakosea, anajirekebisha. Ya tatu aliichora haina paa.

"Hawa bado wanajenga," alisema, nasi tukacheka. "Hawa wanasema mtu mwenye hofu hajifunzi lugha. Wanasema kwanza moyo utulie, halafu maneno yatakuja. Tutawasoma wiki ya mwisho, kwa sababu wamo kwenye mtihani."

Yeye mwenyewe alikaa nyumba ya bati. Alitueleza habari ya mbwa wa majaribio aliyezoeshwa kusikia kengele kila anapoletewa chakula, mpaka akawa anadondokwa mate kwa kengele peke yake. Mwenzetu mmoja kutoka Buhigwe, kijana mtulivu aliyekaa nyuma, akanyoosha mkono.

"Mkufunzi, kwani mbwa huyo alijifunza nini? Maana chakula alikijua, na mate alikuwa nayo."

Darasa likacheka. Mkufunzi akamwambia akae. Lakini Jumatatu iliyofuata, kabla hajaita majina, alisimama mbele akasema, "Nimelifikiria swali la mwenzenu. Sina jibu." Kisha akaendelea na somo. Nimefundishwa na watu wengi, na simkumbuki mwingine aliyerudi darasani kusema hana jibu wakati hakuna aliyekuwa akimdai.

Kosa la matamshi lilimuuma kama jino. Huko juu, ulimi wa mtu aliyekua na Kiha au Kirundi huichanganya *l* na *r*, na Kiingereza hakisamehe jambo hilo. Alituandikia maneno mawili ubaoni, moja lina maana ya wali na jingine lina maana ya chawa, na tofauti yake ni herufi hiyo tu. "Utamkaribisha mgeni wa wizara mezani," alisema bila kucheka, "umwambie ale chawa." Tulirudia wali na chawa, wali na chawa, darasa zima, mpaka wapishi wa chuo walikuwa wakitutania dirishani.

Nje ya darasa alikuwa mtu mwingine, na hapo ndipo nilipopata shida kumwelewa. Alikuwa na baiskeli ya kichina aliyoipenda, lakini kila penye mteremko alishuka akaikokota, na Kasulu ni miteremko mitupu, kwa hiyo watu walimwona akitembea na baiskeli zaidi kuliko akiipanda. Kwenye kwaya ya kanisa aliimba sauti ya chini kabisa. Sokoni alibishana na wauza maharage kwa Kiha, akipiga makofi, akiwageuzia mgongo, akirudi, mpaka watu wakasogea kumsikiliza. Katika Kiingereza alikuwa mkali. Katika Kiswahili alikuwa mpole na mwenye maneno machache. Katika Kiha alikuwa mcheshi. Nilimfahamu mwaka mzima kabla ya kukutana na huyo wa tatu.

Nilikutana naye nyumbani kwake. Baadhi ya Jumapili alitukaribisha chakula wanafunzi wawili watatu tuliotoka mbali. Mkewe tulimwita Mama Mkufunzi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa ya jembe na sauti ndogo. Alizaliwa Burundi, akavuka mpaka akiwa msichana mdogo, kaka yake akimshika mkono, katika ile miaka ya sabini watu walipokuwa wakikimbia. Walipokelewa Heru Juu, karibu na kwao Mkufunzi, wakalima muhogo na maharage kama majirani zao, wakasali nao, na Mkufunzi alipopata kazi akaenda kuposa. Hawakujaliwa mtoto. Kirundi chake na Kiha cha Heru Juu vilikuwa vimechanganyika kinywani mwake hata mwenyewe hakujua mpaka uko wapi. Kiswahili hakujua. Alijua kukaribisha, kushukuru, kuuliza bei, na kusema ndiyo.

Alitupakulia ugali wa muhogo, maharage ya mawese, na migebuka ya ziwani ikipatikana. Wakati tunakula, Mkufunzi alimgeukia akamsimulia mambo ya chuoni kwa Kiha, na alivyokuwa akisimulia ungedhani chuo kile kilikuwa mahali pa kuchekesha kuliko pote duniani. Aliiga sauti zetu. Mkewe alicheka kwa kujifunika mdomo, kisha akajibu neno moja au mawili kwa ile sauti ndogo, na Mkufunzi akaacha kijiko akacheka mpaka akakohoa. Nilimuuliza mwenzangu Mama amesema nini. Akajaribu kunitafsiria, akashindwa. "Kwa Kiswahili haichekeshi," akasema.

Siku moja Mkufunzi alinisindikiza hadi njia panda, baiskeli mkononi kama kawaida, nikapata ujasiri wa kumuuliza.

"Mkufunzi, wewe unafundisha watu lugha kutwa nzima. Mbona hujamfundisha Mama Kiswahili?"

Aliivusha baiskeli kwenye mfereji.

"Nikimfundisha, nitamsahihisha," alisema. "Ndivyo nilivyo, siwezi kujizuia. Na mtu ukishaanza kumsahihisha, haji tena kukwambia mambo yake. Wacha abaki hivyo. Kiswahili cha nini? Anakwenda shamba, anakwenda kanisani, anarudi kwangu. Kote huko anasikilizwa."

Niliona ni jibu zuri. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na nilitamani siku moja nipate mume wa kunijibia hivyo.

Mara moja tu, wakati ule wa chuo, nilimwona akitikiswa na kazi yake mwenyewe. Tulipelekwa mazoezi ya kufundisha, mimi nikapangiwa shule ya msingi huko huko Heru Juu, darasa la tano. Alipokuja kunikagua nilikuwa nimejiandaa kama alivyotufundisha. Niliinua kitabu, nikauliza kwa Kiingereza hiki ni nini, nikajibu mwenyewe, watoto wakaitikia. Kalamu, wakaitikia. Jembe, wakaitikia. Waliitikia pamoja, sauti moja, *l* na *r* kila moja mahali pake. Mkufunzi alikuwa nyuma ya darasa amefumba macho, na nilipomaliza akayafumbua. Nilifurahi kuliko siku nilipofaulu mtihani.

Tukatoka nje. Kibarazani kulikuwa na msichana wa darasa lile amekaa anamenya maharage mabichi ya mwalimu mkuu. Mkufunzi akachukua ganda moja, akaliinua mbele yake, akamuuliza kwa Kiingereza, polepole, hiki ni nini. Msichana akasimama kwa heshima, mikono nyuma, akajibu kwa sauti safi kabisa, kwa Kiingereza: "Hiki ni nini?" Mkufunzi akauliza tena. Akajibiwa vile vile, tena kwa lafudhi ile ile ya Mkufunzi, hata kule kuinua sauti mwishoni.

Alimshukuru mtoto, akarudisha ganda kwenye ungo. Tulikwenda hadi barabarani.

"Wamejifunza sauti," akasema. "Swali lenyewe hawajalisikia."

Alinipa alama nzuri hata hivyo, na darasani hakubadilisha kitu. Nyumba ya bati iliendelea kuwa ya kwanza.

Nilipomaliza nilipangiwa Kumsenga, wilaya ya Kibondo, upande wa mpakani. Wenzangu walinihurumia, lakini kwangu ilikuwa bahati, maana kaka yake Mama Mkufunzi alikuwa amehamia huko kutafuta ardhi pana zaidi. Alikuwa mzee sasa, mwenye mji wake, watoto na wajukuu, na mimi walinichukua kama mtu wao. Kila msimu wa kuvuna maharage Mama Mkufunzi alikuja kusaidia. Akifika alinipitia shuleni, akanishika mikono yote miwili, akasema "Karibu," ingawa mgeni alikuwa yeye. Tulikaa hivyo, maneno yetu yakaisha, tukaendelea kukaa.

Miaka ile watu walikuwa wakivuka tena kutoka Burundi, wengi mno, na kambi zikawa zimefunguliwa porini, Nduta na kwingineko. Mwishoni mwa muongo likatoka agizo kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini wahamie kambini. Watu wa Kumsenga hawakujua linamhusu nani. Waliokuja mwezi uliopita, ndiyo. Lakini waliokuja miaka ishirini na mitano nyuma, waliozika wazazi wao hapa, je? Kila mtu alidhani haliwezi kumhusu yeye.

Siku lori lilipofika Kumsenga mimi nilikuwa Kibondo mjini, tumeitwa kusahihisha mitihani. Niliporudi nilikuta mji wa kaka yake Mama umefungwa. Uani maharage yalikuwa yameanikwa juu ya mkeka, na kuku wa jirani walikuwa katikati yake wanakula bila kufukuzwa. Nikasikia kikohozi. Jirani yao, bibi mmoja mjane, alikuwa amesimama penye kona ya nyumba yake.

"Wamechukuliwa wote, mwalimu," akasema. "Na yule wa Kasulu pia."

"Mama Mkufunzi? Yeye ni mke wa Mtanzania. Hakusema?"

"Aliulizwa. Askari wale vijana si wa huku, Kiha hawajui. Walimuuliza, wewe ni Mrundi? Akasema ndiyo. Ulikuja kama mkimbizi? Akasema ndiyo. Una karatasi? Ndiyo. Wakamwambia ilete. Akasema ndiyo, akasimama pale pale." Bibi akajifunga kanga upya. "Mimi nilisema. Niliwaambia huyu ana mume wake, ni mwalimu wa walimu. Mmoja akaniuliza, na wewe bibi unatokea wapi? Basi nikanyamaza."

Nilimtumia Mkufunzi habari kwa dereva wa lori la kwenda Kasulu. Alifika kesho yake jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Hakukaa. Aliuliza kitu kimoja.

"Alijibuje?"

Nilimsimulia kama bibi alivyonisimulia, neno kwa neno, kwa sababu sikuwa na namna nyingine. Alifumba macho. Nilipofika mwisho hakuyafumbua kwa muda mrefu, na kidole hakikuinuka.

Tulimpata Nduta. Ilituchukua siku kadhaa za kuulizia kambini mtaa kwa mtaa, maana watu walikuwa wamepangwa kwa mitaa na bado mitaa haikuwa na majina. Alikuwa amekaa nje ya kibanda cha turubai pamoja na wake za wapwa zake, wanachambua mahindi ya mgao. Mkufunzi alimwita kwa jina lake la nyumbani ambalo sikuwahi kulisikia. Aliinua uso, akajifunika mdomo kwa kiganja kama alivyokuwa akifanya anapocheka, lakini hakuwa anacheka. Mkufunzi akachuchumaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza nikasikia Kiha chake kikiwa kidogo, hakina hadithi ndani yake.

Kumtoa haikuwa kazi ya siku moja. Ndoa yao ilikuwa ya kanisani, cheti kilikuwa kimeliwa na mchwa zamani, mchungaji aliyewafungisha alikuwa amehamia mbali. Ilibidi mashahidi watafutwe, barua zipite wilayani na mkoani. Karani tuliyemkuta alikuwa mtu muungwana. Alituonyesha foleni iliyokuwa nje ya dirisha lake. "Mwalimu, kila mmoja hapo ana habari kama yako," akasema. "Nitafanya ninaloweza."

Mkufunzi akaomba likizo, na ilipokwisha akaomba nyingine bila mshahara. Alipanga chumba Kibondo mjini, uani kwa mzee mmoja muuza duka ambaye asili yake ilikuwa Ujiji, akawa anakwenda kambini kila asubuhi kwa baiskeli. Na kwa kuwa hakuwahi kujua kukaa bure, akaanzisha darasa. Chini ya turubai, kwenye magogo, wanawake peke yao. Kiswahili.

Nilikuwa nikienda Jumamosi kumsaidia. Mara ya kwanza nilikwenda na chaki na mbao ndogo, nikitegemea wali na chawa. Sikuvikuta. Alikuwa amekaa kwenye gogo kama wao, na alianza kwa kuwauliza kwa Kirundi, akinitafsiria kando: mnataka kuweza kusema nini? Mmoja akasema, nataka kumwambia daktari mtoto wangu anaumwa tangu lini. Mwingine akasema, nataka kuuliza gari hili linakwenda wapi kabla sijapanda. Mwanamke mmoja mzee, wa nyuma, akasema nataka kujua kusema hapana. Hayo yakawa masomo. Hakukuwa na mengine.

Siku ile ile mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alijaribu: "Mutoto yangu nagonjwa. Tangu jana hapana rara."

Nilimtazama Mkufunzi nikisubiri kidole. Macho yake yalikuwa wazi.

"Amekunywa maji?" akamuuliza.

"Dogo."

"Basi mpeleke sasa hivi. Twende nikusindikize." Na darasa likaishia hapo.

Jioni nilimuuliza kwa nini hakumsahihisha. Alinitazama kama aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Alikuwa ananiambia habari ya mtoto," akasema.

Mama Mkufunzi alikuja darasani kila siku, akakaa nyuma, hakufungua mdomo. Majuma yakapita. Mumewe hakumwita hata mara moja. Wengine wakijibu, yeye alitazama midomo yao. Kisha Jumamosi moja mvua ikatufungia chini ya turubai, maji yakipita katikati ya miguu yetu, na mwanamke mmoja akasema kwa utani, Mwalimu, leo tusimulie mambo ya harusi. Mama Mkufunzi akasimama.

"Bwana yangu," akaanza, akatafuta neno, "siku alikuja kuposa, alianguka mutoni. Alileta kuku. Kuku akakimbia. Yeye anakimbiza kuku, suruali imerowa, shemeji zangu wanaangaria. Kaka yangu anasema, huyu ndiyo mwalimu? Hata kuku hamusikii."

Turubai zima likaangua kicheko. Mkufunzi alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho kwa kiwiko, na nikakisikia kile kikohozi chake cha Jumapili. Mama alibaki amesimama, hakujifunika mdomo. Nilijiambia: ile nyumba isiyo na paa, kumbe watu wanaweza kukaa.

Karani alipomwita Mama, mambo ya mashahidi yalipokuwa yamekamilika, alijieleza mwenyewe. Mumewe alibaki mlangoni. "Mimi mke wa mwalimu," tulimsikia akisema. "Ninakaa Kasulu. Ninarima maharage. Nataka kurudi kwangu." Karani akapiga mhuri. Kaka yake na familia yake walibaki Nduta, kwa kuwa hakuna kati yao aliyeoana na Mtanzania. Waliagana penye kizuizi, na Mama akapanda lori la magunia pamoja na mumewe na baiskeli.

Mwaka mzima niliisimulia habari ile kama habari ya ushindi. Niliwaambia walimu wenzangu, na wakaguzi, na yeyote aliyetaka kujua lugha inafundishwaje: kuna mtu, nilisema, alitupa chaki akakaa kwenye gogo, na mwanamke aliyekuwa bubu kwa Kiswahili akajitoa kambini kwa kinywa chake.

Kisha nikapata semina Kasulu, na siku ya mwisho nikaenda kuwasalimu.

Nilibisha hodi. Mama Mkufunzi alitoka na kitenge kipya, akanishika mkono mmoja.

"Karibu sana, mwalimu. Pole na safari. Ulilala wapi?"

Kiswahili kimenyooka. Kabla ya *l* alisita kidogo sana, kama mtu anayetazama mahali pa kuweka mguu, kisha akaiweka. Nilimsifu. Alishukuru, akaniwekea kiti, akaingia jikoni.

Mkufunzi alikuwa amekonda. Bado alifundisha, ingawa wanafunzi wake walikuwa wameniambia kwamba siku hizi hachori nyumba ubaoni, anasoma tu kutoka kitabuni. Alimwita mkewe kwa Kiha, nadhani akimwambia kuna nyanya dirishani. "Nimeziona," mkewe akajibu kwa Kiswahili. Akamwambia jambo jingine kwa Kiha. "Haya," akajibu.

Mkufunzi akaona ninavyomtazama.

"Hasemi tena," akaniambia kwa sauti ya chini. "Tangu tuliposhuka kwenye lori la kurudi. Kwa Kiha, kwa Kirundi, hasemi, si kwa majirani, si kwangu. Kwaya tuliyokuwa tukiimba wote ameacha, kwa sababu nyimbo ni za Kiha. Ukimkuta peke yake kwenye mafiga utamsikia: ninalima, ninalala, ninalima. Anarudia. Sikumfundisha mimi kurudia, binti. Kule nilikuwa nimeacha."

"Lakini anaongea vizuri sana, Mkufunzi."

"Anaongea vizuri." Akatikisa kichwa. "Tunaongea habari ya chumvi, na kuni, na mvua. Kiswahili chake kinatosha kwa hayo. Mambo mengine hayasemi, na yalikuwa mengi. Yule mama alikuwa na maneno, hukuwahi kumsikia wewe. Miaka ishirini nilikuwa naharakisha kurudi nyumbani nikasikie atasema nini."

Alivua miwani akaishika magotini.

"Nilidhani lile darasa la turubai ndilo lililomfundisha," akasema. "Aliyemfundisha ni ile siku ya lori la Kumsenga. Somo moja. Halikurudiwa hata mara moja, hakupewa zawadi, hakuelezwa kanuni. Na moyo wake haukuwa umetulia. Hakuna hata mmoja katika wale wote niliowasoma aliyeniandalia hilo."

Mama alileta chakula, ugali na maharage, na zile nyanya. Tuliweka meza ndogo uani kwa sababu ndani kulikuwa na moshi. Jua lilikuwa linashuka na watu walikuwa wanarudi kutoka mashambani. Mzee mmoja mwenye jembe begani alisimama nje ya ua akatusalimu kwa Kiha, salamu ndefu ya jioni, yenye kuulizia watu na mifugo.

"Salama, mzee. Karibu," Mama akajibu kwa sauti ya kusikika.

Mzee alisubiri kidogo, kisha akaenda zake. Tukala. Mkufunzi aliinua uso akamtazama mkewe kwa muda, akamwinamia, akamwambia kitu kwa Kiha. Alisema taratibu na kwa upole, maneno mengi, na mwishoni nikasikia lile jina la nyumbani nililolisikia Nduta.

Mama alitazama barabarani. Wanawake wawili walikuwa wanapita na mizigo ya kuni.

"Sema Kiswahili, mume wangu," akamwambia. "Watu wanapita."

Mkufunzi akaitazama sahani yake. Wale wanawake wakapita, wakapotelea nyuma ya migomba, na bado Mama alikuwa anasubiri.

"Nimesema maharage ni matamu," akasema.

"Asante," Mama akamjibu, akachukua upawa akamwongezea.